Anataka Nini? Kujiokoa Mbele ya Mtu Mwenye Silaha

Walengwa: Akina mama, akina kukhu na walezi wote
Muda: Dakika 20
Mahali: Shieywe na viunga vya mji wa Kakamega

(Muziki mfupi, kisha unafifia.)

   

Leo tuna mada ambayo wengi hawapendi kuitaja. Tutazungumza juu ya mtu anayekujia akiwa na silaha: kisu, panga, rungu, shoka au hata bunduki. Utafanya nini ili ubaki hai, na watoto wako wabaki na mama?

Labda unajiuliza, mambo ya majambazi yameingiaje katika kipindi cha afya? Mama, panga likikata mkono, anayeshona ni daktari. Ubakaji unaweza kuleta virusi vya ukimwi, mimba isiyotarajiwa na majeraha ya moyo yanayochukua miaka kupona. Kama tunavyofundishana kutumia chandarua ili kuzuia malaria, ndivyo inavyofaa tufundishane kuzuia jeraha la panga. Kinga ni bora kuliko tiba.

Tena jambo hili si la mbali. Mwaka 2019, huko Matungu katika kaunti hii yetu, watu wenye silaha walivamia nyumba za watu usiku na kuua. Hapa mjini, mama anayetoka nyumbani alfajiri kuwahi mboga sokoni, muuguzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, msichana anayeteremka kwenye boda boda gizani, wote wanajua ile hofu ya kusikia hatua nyuma yao.

Msikilizaji, ukiwa na kalamu iandae. Kama huna, mwite mtoto wa shule aketi karibu nawe asikilize pia.

(Muziki mfupi.)

Kwanza tuondoe fikra mbili zinazoumiza watu.

Fikra ya kwanza husema kwamba mwanamke hawezi kufanya lolote mbele ya mwenye silaha ila kunyamaza na kungojea. Hiyo si kweli. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wasichana wa miaka 14 hadi 21 walifundishwa kujilinda kwa saa 12 tu, yaani vipindi 6 vya saa mbili mbili. Walianza kwa kujifunza kutambua hatari, kusema hapana kwa sauti nzito na kukimbia. Kupiga kulikuwa jambo la mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kabla ya mafunzo, karibu wasichana 25 katika kila 100 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono ndani ya mwaka mmoja. Baada ya mafunzo, idadi ilishuka hadi karibu 9 katika kila 100. Zaidi ya nusu yao walisema wametumia mafunzo hayo kumzuia mtu aliyetaka kuwafanyia ubaya.

Wala si wasichana peke yao. Huko Korogocho, Nairobi, kuna kikundi cha wazee wanawake wanaojiita Shosho Jikinge. Kukhu wa miaka 70 anapiga mfuko wa mazoezi kwa kiganja huku akipaza sauti: Hapana! Hapana! Walianza kwa sababu vijana walikuwa wakiwavamia wazee na kuwabaka.

Fikra ya pili ni kinyume cha hiyo. Ni ile ya kwenye sinema, ambapo mtu anapokonya kisu kwa mkono mtupu, anamwangusha adui na kwenda zake bila hata mkwaruzo. Hiyo nayo si kweli. Hata askari aliyefundishwa miaka mingi anaweza kukatwa akijaribu kushika kisu. Ukiona mtu anafundisha kupokonya panga kama mchezo, usimwige.

Ukweli uko katikati. Ushindi wako ni kufika nyumbani ukiwa hai. Ukikimbia umeshinda. Ukitoa simu na ukaachwa uende, umeshinda. Ukimpiga teke mtu aliyetaka kukuburuta hadi kwenye shamba la miwa, ukapata nafasi ya kukimbia, umeshinda.

(Muziki mfupi.)

Sasa sikiliza kwa makini. Ukikutana na mwenye silaha, jiulize swali moja tu: ANATAKA NINI? Anataka mali yako? Anataka kukupeleka mahali pengine? Au anataka mwili wako na uhai wako? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha la kufanya.

Tuanze na mali.

Akitaka simu, mpe. Akitaka mkoba, mpe. Akitaka pesa za mauzo ya siku nzima, mpe. Akitaka namba yako ya siri ya kutolea pesa kwenye simu, mpe, kisha utaomba laini ifungwe ukishafika salama. Najua inauma. Najua hizo ndizo pesa za karo na unga. Lakini simu hununuliwa tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama akizikwa, mtoto anayenyonya atamwambia nani njaa yake?

Namna ya kutoa pia ina maana. Inua mikono aione, viganja wazi. Sema kwa sauti ya chini na maneno machache: Chukua. Sina neno. Kabla ya kuingiza mkono mfukoni, mwambie: Simu iko mfukoni, naitoa. Mtu mwenye silaha naye ana hofu, na mkono unaoingia mfukoni ghafla unaweza kumfanya apige. Weka mali chini au itupe kando, upande mmoja, kisha wewe urudi nyuma kuelekea upande mwingine. Usimkazie macho, usimtukane, na usimwambie: Nakujua, wewe ni kijana wa fulani. Ukimtambua, nyamaza. Hilo utalisema polisi.

Akiwa na bunduki, fuata maneno hayo hayo kwa utulivu zaidi. Usiishike bunduki yake. Usifanye jambo la ghafla.

Sasa hali ya pili. Amechukua mkoba, lakini hajaondoka. Anasema: Twende. Anakuvuta kuelekea kichochoro, shamba au nyumba isiyokaliwa na mtu, au anataka upande gari. Hapo jibu limebadilika. Mahali mlipo sasa huenda pana watu karibu. Huko anakokupeleka amekuchagua yeye, na amekuchagua kwa sababu hapana wa kukusaidia. Kwa hiyo, ukiona nafasi yoyote, usikubali kwenda. Piga kelele, jiangushe chini uwe mzito, shika nguzo au mti, kimbilia kwenye taa na watu.

Ukipiga kelele, taja jina. Watu wakisikia tu "uwii", kila mmoja hudhani mwingine ataenda. Lakini ukiita jirani kwa jina lake, atatoka, na adui atajua kuna mtu karibu. Hata kama hujui kama yuko, ita! Sema: Nauawa! Njooni! Ukiwa na filimbi, ipulize. Filimbi ndogo iliyofungwa kwenye kamba ya funguo haina gharama kubwa, na sauti yake haikauki kwa hofu kama sauti ya mtu.

Hali ya tatu ni ngumu kuliko zote. Hataki mali. Ameanza kukukata, au anataka kukubaka. Huna pa kukimbilia. Hapa una haki ya kupigana. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari aliyomo.

(Muziki mfupi.)

Tuseme basi mambo matano ya kufanya ukiwa umebanwa.

La kwanza, nafasi. Kisu hakikati mtu asiyefikiwa. Weka kitu kati yenu: meza, kiti, baiskeli, mkokoteni, gari lililoegeshwa. Zunguka kitu hicho, yeye akija huku wewe uko kule. Ukiwa na mwavuli, ndoo, kikapu au kigoda, kishike mbele yako kama ngao na kumsukumia usoni. Mrushie chochote usoni: mchanga, mboga, maji, kiatu. Akifumba macho, kimbia.

La pili, linda shingo, kichwa na tumbo. Shusha kidevu, inua mikono mbele ya shingo na uso, na sehemu ya nje ya mikono ndiyo imwelekee yeye. Upande wa ndani, pale daktari anapopima mapigo ya moyo, una mishipa mikubwa ya damu. Mkono ukikatwa kwa nje utashonwa. Shingo ikikatwa, muda ni mfupi mno.

La tatu, kama amekushika na kisu kiko karibu na mwili wako, shika ule mkono wenye kisu kwa mikono yako yote miwili, kwenye kifundo, siyo kwenye makali. Ukandamize kwenye mwili wake au ukutani. Ukishaushika usiuachilie ovyo. Hili ni jambo la mwisho kabisa, wakati kuachilia ni kufa. Huku umeshika, tumia miguu, magoti na kichwa.

La nne, piga mahali panapouma. Macho, pua, koo, sehemu za siri na goti. Kitako cha kiganja kikipigwa kwenye pua kutoka chini kwenda juu humfanya mtu atokwe machozi asione. Teke la kisigino kwenye goti humpunguzia mbio. Huhitaji nguvu za mwanamume. Piga kwa ghafla, piga zaidi ya mara moja, na kila pigo lisindikizwe na kelele.

La tano, ukipata upenyo, ondoka. Usibaki kumwadhibu, wala usirudi kuchukua kiatu. Kimbia hadi pale penye watu.

Ukiwa na mtoto mgongoni, kumbuka kwamba mgongo wako ndio mtoto wako. Adui akiwa karibu nawe, usimgeuzie mgongo. Rudi nyuma hatua kwa hatua ukimtazama, huku ukiongea polepole na kutoa mali. Ukishapata nafasi ya kutosha kati yenu, ndipo ugeuke na kukimbia. Mtoto anayetembea mpe amri fupi moja: Kimbia kwa mama fulani! Asibaki akishika nguo yako.

Mama, kuna jambo lingine. Kuna watu ambao mwili wao huganda. Sauti haitoki, miguu haitembei. Mwili umeumbwa hivyo, kama swala anavyosimama wima akimwona simba. Mwanamke aliyeganda hakukubali. Mwanamke aliyenyamaza ili asiuawe hakukubali. Ikiwa ni wewe, au binti yako, au jirani yako, usimuulize: Mbona hukupiga kelele? Mwambie: Umefanya vyema, uko hai.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, hadi hapa tumezungumza juu ya mgeni wa njiani. Lakini silaha huweza kuwa mkononi mwa mtu wa nyumbani. Uchunguzi wa serikali wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Mara nyingi aliyewaumiza ni mume au mpenzi.

Mtu wa nyumbani akianza kupandisha hasira, au amerudi amelewa chang'aa na anatafuta ugomvi, usikimbilie jikoni. Jikoni kuna visu, mwiko, makaa na maji ya moto. Kaa karibu na mlango. Panga liweke mahali pasipo rahisi kulifikia usiku. Kubaliana na jirani ishara moja: ukigonga sufuria mara tatu, aite watu. Weka kwa jirani au kwa dada yako kifurushi kidogo chenye nakala ya kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, nauli na nguo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia anayekutesa asikukaribie.

Na kama amekukaba koo, hata ukiwa huna alama, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Uvimbe ndani ya koo huweza kuziba pumzi saa kadhaa baadaye. Tena mtu aliyekukaba koo mara moja ni hatari kubwa kuliko unavyodhani. Hiyo ni ishara ya kuondoka na kutafuta msaada.

Je, majambazi wakija usiku nyumbani? Usifungue mlango kwa sauti usiyoijua, hata ikisema ni polisi. Uliza jina na kituo, na upigie simu mzee wa Nyumba Kumi au jirani. Wakiwa bado nje, piga sufuria, puliza filimbi, washa taa. Wakishaingia, mambo hubadilika: nyamaza, watoto walale kifudifudi sakafuni, na uwape wanachotaka. Wafundishe watoto mapema, mchana, bila kuwatisha. Kila mtoto ajue jina lake lote, namba moja ya simu, na nyumba atakayokimbilia. Ajue pia kwamba kazi yake ni kukimbia na kuita watu, siyo kuja kumtetea mama.

Na wakati wa kuita msaada, epuka neno "mwizi". Neno hilo huleta mawe na moto, na wakati mwingine huanguka juu ya mtu asiye na kosa. Mshukiwa akikamatwa apelekwe polisi. Kumchoma mtu ni kuua.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuseme umejiokoa, lakini kuna jeraha. Hapa ndipo mkono wa mama unaweza kuokoa maisha kabla ya kufika kwa daktari.

Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza. Chukua leso au shati safi, likunje, liweke juu ya jeraha na ubonyeze kwa nguvu zote kwa mikono miwili. Usifunue kila mara kuangalia. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake. Usitie majani ya kahawa, udongo, majivu wala mafuta ya taa.

Ikiwa ni mkono au mguu, na damu inaruka hata baada ya kubonyeza, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kati ya jeraha na mwili, lakini si juu ya kiungo. Ingiza kijiti, ukizungushe mpaka damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Usikifungue wewe. Daktari ndiye atakayekifungua.

Kisu kikiwa kimekwama mwilini, usikitoe. Kinaweza kuwa ndicho kimeziba mshipa. Zungushia vitambaa kisitikisike, mgonjwa aende hivyo hivyo. Matumbo yakitoka nje, usiyarudishe. Yafunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi. Usimpe chakula wala kinywaji. Aliyechomwa kifuani akiona nafuu akiketi, mwache aketi. Na kila jeraha la silaha, hata dogo, liende hospitalini, kwa sababu huenda akahitaji chanjo ya pepopunda.

Ikiwa amebakwa, saa zinahesabiwa. Nenda hospitalini mara moja, hata usiku. Hapa kwetu iko hospitali kuu ya kaunti mjini Kakamega. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zianze mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, yaani siku 3. Humezwa kwa siku 28 bila kuacha. Dawa ya kuzuia mimba nayo hutolewa mapema, na isipite saa 120, yaani siku 5. Hata siku hizo zikiwa zimepita, nenda bado, kwa maana yako matibabu mengine.

Usioge kabla ya kuonekana na daktari. Usifue zile nguo. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, usitumie plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Ukiwa umeshaoga, usivunjike moyo, nenda tu. Matibabu ya aliyebakwa ni bure katika hospitali za serikali, na si lazima uanze polisi ndipo utibiwe. Polisi watakupa fomu ya P3, nayo daktari ataijaza kwa ajili ya kesi. Watu wa familia wakitaka kumaliza jambo kwa ng'ombe au pesa chini ya mti, wakumbushe kwamba ubakaji ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006.

Namba za simu ni hizi, ziandike ukutani kwa makaa kama huna kalamu. Polisi ni 999 au 112. Ukatili wa kijinsia ni 1195, bila malipo. Mtoto aliye hatarini ni 116, bila malipo.

Baada ya siku chache, moyo nao unaweza kuuma. Usingizi hukimbia. Mtu hushtuka mlango ukigongwa. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Usimchape. Mkalishe karibu, mrudishie ratiba yake ya kula, shule na kulala, mwache aseme au achore alichoona. Haya mara nyingi hupungua kwa muda. Yakipita mwezi mmoja bila nafuu, au mtu akianza kusema hataki kuishi, muone mshauri hospitalini bila kungojea.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, tunakaribia mwisho. Wiki hii, fanya mambo matatu. Moja, tafuta filimbi. Mbili, kaa na watoto uwaonyeshe nyumba ya kukimbilia. Tatu, simama na mama wenzako kwenye kikundi chenu cha merry-go-round, mfanye zoezi la sauti: kila mmoja apaze sauti aseme Hapana! kutoka tumboni. Mtacheka mara ya kwanza.  Panga pia kwamba wanaotoka sokoni jioni watembee wawili wawili au watatu.

Na lile swali usilisahau: ANATAKA NINI? Akitaka mali, mpe. Akitaka kukupeleka, usikubali kwenda. Akitaka mwili au uhai wako, pambana upate njia ya kukimbia. Na lolote utakalolazimika kufanya ili ubaki hai, halina aibu.

 Mwambie na jirani ambaye hana redio.  

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni njia gani hapa Shieywe ambazo akina mama huogopa kuzipita gizani? Tunaweza kuzipitaje pamoja?
2. Kwa nini aliyeganda kwa hofu asilaumiwe?
3. Mtu amechomwa kisu na kisu kimekwama. Utafanya nini, na hutafanya nini?
4. Ni saa ngapi za mwisho za kuanza dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na ni saa ngapi za dawa ya kuzuia mimba?
5. Kila mmoja ataje, bila kusoma, namba ya polisi, namba ya ukatili wa kijinsia na namba ya mtoto aliye hatarini.